Nukta za Emanuel Goldberg

Wasomaji waliozoea miswada ya kale ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, wajua vema uzito wa nukta moja. Herufi te na herufi nuni, zikiwa mwanzoni mwa neno, zina umbo moja. Hutengana kwa nukta tu, mbili juu ya te na moja juu ya nuni. Na kwa kuwa katika miswada mingi kasra husimama mahali pa e na mahali pa i, neno nena na neno tena huwa kama mapacha ambao mama yao huwatambua kwa kidoti kilicho shavuni. Nilipokuwa ng'ambo nikitayarisha tasnifu yangu, niliusoma utenzi mmoja kwa maikrofilamu, na katika ubeti mmoja nikaandika tena. Juu ya neno lile nikajenga hoja ndefu kuhusu namna mshairi anavyorudia maneno ili kuifunga mishororo yake. Miaka kadhaa baadaye nilibahatika kuushika mswada wenyewe mikononi. Palikuwa na nukta moja. Ile ya pili, niliyoiona katika filamu, ilikuwa chembe ya vumbi.

Fedheha ile ndiyo iliyonifanya niulize ni nani waliotufundisha kuyatia maandishi katika picha ndogo namna ile. Kitabu cha kwanza nilichokifungua kilinipa jina la mtu asiyekuwapo. Kwa ajili hiyo, nia ya makala haya ni kumweleza yule aliyekuwapo, yaani Emanuel Goldberg, mhandisi ambaye kazi zake zaonekana kutawanyika huku na huku: kupiga chapa, sinema, picha za siri, na mtambo wa kuzitambua hati. Kwa maoni yangu hazikutawanyika hata kidogo. Zote zatokana na swali moja, nalo ni hili: mwanga kiasi gani hupita, na kiasi gani huzuiliwa, unapokutana na alama ndogo nyeusi?

Goldberg alizaliwa Moscow tarehe 31 Agosti, 1881, mwana wa mganga wa jeshi la mfalme wa Urusi. Tangu utotoni alitaka kuwa mhandisi. Lakini katika zama zile vyuo vya Urusi viliweka mpaka wa idadi ya Wayahudi walioruhusiwa kuingia, na mlango wa chuo cha ufundi ukafungwa mbele yake. Akaingia Chuo Kikuu cha Moscow kusoma kemia. Kutoka huko alikwenda Leipzig, katika Ujerumani, mahali palipokuwa na taasisi mashuhuri ya kemia iliyoongozwa na Wilhelm Ostwald, naye akapata udaktari wake mwaka 1906 kwa uchunguzi wa namna mwanga unavyosababisha mabadiliko ya kikemia. Baada ya muda mfupi Berlin, katika maabara ya Adolf Miethe, alirudi Leipzig mwaka 1907 kuwa mwalimu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa za Michoro na Ufundi wa Vitabu. Alikaa hapo miaka kumi.

Haifai kuipita miaka hiyo kwa haraka, kwani ndipo msingi wa mambo yote ulipowekwa. Leipzig ulikuwa mji wa vitabu, na shida kubwa ya wapiga chapa wa wakati ule ilikuwa picha. Mashine ya chapa haijui rangi ya kijivu. Yajua mambo mawili tu: hapa pana wino, hapa hapana. Ili uso wa mtu uonekane gazetini pamoja na vivuli vyake, picha hupigwa tena kupitia kioo chenye mistari myembamba inayokingamana, nayo hugeuka kuwa nukta nyingi, kubwa mahali penye giza na ndogo mahali penye mwanga. Atakaye kuhakikisha na achukue gazeti la zamani alitazame kwa lenzi: hataona shavu wala paji la uso, ataona nukta. Jicho la msomaji ndilo linalozikusanya na kufanya uso.

Basi ustadi wote u katika kipimo. Fundi akikosea kidogo, vivuli huwa wino mtupu na weupe huwa karatasi tupu. Mafundi wengi walikwenda kwa mazoea, kama mpishi asiyepima chumvi. Goldberg hakuridhika. Karibu na mwaka 1910 alitengeneza kifaa ambacho hata sasa huitwa kabari ya Goldberg. Alichukua jelatini iliyotiwa rangi nyeusi, akaimimina kati ya vioo viwili vilivyowekwa kwa mshazari. Ilipoganda, ilikuwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, na giza lake likazidi hatua kwa hatua pasipo kuruka. Kwa kabari hiyo mtu aliweza kupima giza la picha yoyote kwa kulilinganisha na giza linalojulikana. Kisha akatengeneza na chombo kingine, densografu, kilichochora chenyewe mstari wa kuonyesha jinsi dawa ya filamu inavyoupokea mwanga. Kazi iliyochukua saa nyingi za kupima na kuandika ikawa ya dakika chache.

Mwaka 1917 kampuni ya Carl Zeiss ya Jena ilimwita aingie katika uongozi wa kiwanda cha kamera cha Ica, huko Dresden. Hapo mwalimu akawa mtu wa viwanda. Kamera za sinema za siku zile zilikuwa masanduku mazito yaliyosimama juu ya miguu mitatu, na mpigaji alizungusha mpini kwa mkono. Mwaka 1921 Ica ilitoa kamera ya Goldberg iliyoitwa Kinamo, ndogo hata ikashikwa mkononi, na filamu yake ikiwa ndani ya kisanduku kilichoweza kutiwa na kutolewa mchana kweupe. Mwaka 1923 aliitilia mtambo wa springi kama wa saa. Ukiisha kuijaza, mkono ulikuwa huru. Kamera iliyochukua mita 25 za filamu iliweza kupiga picha kwa muda wa dakika moja na nusu hivi kabla ya kubadilishwa. Goldberg mwenyewe alipiga filamu fupi za kufurahisha ili kuwaonyesha watu wa kawaida kwamba sinema si kazi ya mabingwa peke yao, na waigizaji wake walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Matunda ya kamera ile yalionekana mahali asipopatazamia mwenye kiwanda. Kijana mmoja Mholanzi, Joris Ivens, ambaye baba yake alikuwa mfanya biashara wa vifaa vya picha, alipata mafunzo yake Ujerumani na kufanya kazi katika viwanda vya Dresden. Huko aliijua Kinamo. Mwaka 1928 alipanda nayo juu ya daraja la reli la Rotterdam, lile linaloinuka ili meli zipite, akatoa filamu yake De Brug. Mwaka 1929 ikafuata Regen, filamu ya mvua ikinyesha mjini Amsterdam. Hizi ni kazi zinazotajwa katika kila historia ya sinema ya mambo halisi. Mtu aliyefungwa na sanduku na miguu mitatu asingeweza kuifuata mvua barabarani wala kukwea nguzo za daraja.

Mwaka 1922 Goldberg alitoa kitabu chake kuhusu ujenzi wa picha ya fotografia. Humo alieleza kanuni iliyobaki na jina lake. Ukiwa na negativu na chapa inayotolewa katika negativu hiyo, kila moja ina kadiri yake ya kukuza au kupunguza tofauti kati ya mwanga na kivuli. Kadiri hizo mbili zikizidishwa pamoja na kupata moja, chapa itakuwa na vivuli vilevile vya kitu chenyewe. Yaonekana jambo dogo. Lakini sinema zilipoanza kusema, katika miaka ya mwisho ya 1920, na sauti ikaandikwa pembeni mwa filamu kwa mistari yenye giza la viwango mbalimbali, kanuni hii ikawa na kazi mpya: ikivunjwa, sauti ya mwimbaji hukwaruza. Hivyo kipimo kilichozaliwa na taabu za wapiga chapa kikaingia katika masikio ya watazamaji wa sinema, nao hawakuwa na habari.

Sasa tuje kwenye nukta iliyoleta mgogoro. Kupunguza maandishi kwa picha hakukuanza na Goldberg. John Benjamin Dancer wa Manchester alikwisha fanya hivyo mwaka 1839, na Wajerumani walipouzingira mji wa Paris mwaka 1870 na 1871, Mfaransa René Dagron alipunguza barua kwa maelfu zikabebwa na njiwa. Kilichokuwa kipya ni kiasi. Goldberg aliitumia hadubini kwa kuigeuza, yaani badala ya kitu kidogo kuonekana kikubwa, kitu kikubwa kilifanywa kidogo, na akatayarisha dawa yenye chembe laini sana, kwani picha haiwezi kuwa na alama ndogo kuliko chembe za dawa yake. Mwaka 1925 alilionyesha jambo hili mbele ya wataalamu wa fotografia mjini Paris. Kipimo alichofikia kilikuwa sawa na kuiandika Biblia nzima mara 50 katika eneo la inchi mraba moja. Ukurasa mzima uliweza kukaa pale ambapo mwandishi angeweka nukta ya mwisho wa sentensi. Hakufanya kwa siri. Alisema mbele za watu na kuandika.

Lakini kuweka ni jambo moja na kutafuta ni jingine. Mimi na wenzangu tuliowahi kufanya kazi ya kamusi kwa kadi twajua: kadi elfu tano katika masanduku ni hazina, kadi laki moja ni msitu. Goldberg aliliona hilo mapema. Ikiwa hati za ofisi nzima zaweza kukaa katika utepe mmoja wa filamu, ni nani atakayeutazama utepe wote kila atakapo hati moja? Jibu lake lilikuwa mtambo ambao aliuombea hati ya uvumbuzi Ujerumani mwaka 1927 na Marekani mwaka uliofuata. Hati ya Marekani ilitolewa tarehe 29 Desemba, 1931.

Mtambo wenyewe ulifanya kazi hivi. Kando ya picha ya kila hati katika filamu palikuwa na nukta zilizopangwa kwa namna iliyoonyesha habari zake, kwa mfano tarehe au namba ya mteja. Mtafutaji alitayarisha kadi iliyotobolewa kwa mpangilio wa habari alizozitaka. Filamu ikapita mbele ya taa kwa haraka, na mwanga uliopita katika filamu ukakutana na kadi, kisha ukaenda kwenye jicho la umeme. Maadamu nukta za filamu hazikulingana na matundu ya kadi, mwanga kidogo ulipenya mahali fulani, na jicho likanyamaza. Zilipolingana zote, kila tundu lilizibwa na nukta yake, mwanga ukakatika kabisa, na giza lile ndilo lililokuwa ishara: hati hiyo hapa. Mtambo uliweza kuihesabu au kuipiga picha tena. Naomba msomaji alitafakari jambo hili: mashine iliyotambua kwa kuona giza. Ni yule yule mtu wa kabari.

Jambo moja lanihusu mimi kama mwanafunzi wa lugha. Goldberg aliuita mtambo wake mashine ya takwimu. Katika Kijerumani cha wakati ule jina hilo lilikuwa na maana. Ndivyo zilivyoitwa mashine za kadi zilizotumika katika hesabu za biashara na za kuhesabia watu. Alipouita hivyo, wenye viwanda walimwelewa. Lakini jina hubaki palepale wakati maana yaondoka. Walipokuja baadaye watu wa maktaba wakitafuta historia ya mashine za kutafutia maandishi, hawakuwa na sababu ya kufungua hati iliyoandikwa juu yake neno takwimu. Mtu aweza kujificha nyuma ya jina alilolichagua mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1931, katika mkutano wa kimataifa wa fotografia uliofanyika Dresden, alieleza mtambo huo waziwazi, na mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Wakati huo alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 1926 kampuni nne za Ujerumani ziliunganishwa kuwa Zeiss Ikon, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kamera duniani, naye alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake tangu siku ya kwanza. Kamera ya Contax ilitolewa mwaka 1932 chini ya uongozi wake. Mwezi wa Aprili 1933, wiki chache baada ya Wanazi kushika serikali, kundi la wafuasi wao lilimteka nyara. Alishikiliwa siku kadhaa, kisha akaachiliwa. Akaondoka Ujerumani na jamaa yake. Kwa miaka minne alifanya kazi Paris katika biashara za Zeiss zilizokuwa nje, na mwaka 1937 akahamia Palestina, wakati ule ikiwa chini ya Waingereza. Huko Tel Aviv akafungua karakana ya vyombo vya kupimia, akaanza upya akiwa na miaka 56.

Aliyoyaacha nyuma yalibaki bila mwenyewe. Kampuni haikuwa na haja ya kumtaja Myahudi aliyefukuzwa, na katika Ujerumani ya miaka ile kumtaja kulikuwa hatari. Kisha vita ikaja, na mwezi wa Februari 1945 mabomu yakauteketeza mji wa Dresden.

Mwezi wa Julai wa mwaka uo huo Vannevar Bush, mwanasayansi mkubwa wa Marekani, alitoa makala yake mashuhuri katika jarida la The Atlantic, akawaza juu ya meza yenye maikrofilamu ambayo kwayo msomi angeweza kuita hati yoyote na kuifungamanisha na nyingine. Kabla ya vita, kati ya 1938 na 1940, Bush na vijana wake walikuwa wametengeneza mtambo wa kuchagua hati katika filamu kwa jicho la umeme. Makala ile ikawa kama chemchemi. Wote walioandika habari za mashine za maarifa wakainywea. Goldberg hakutajwa humo. Sisemi kwamba Bush aliiba. Fikra ilikuwa hewani, na wengine pia walikuwa wameikaribia. Tena haki yataka nikiri kwamba mtambo wa Goldberg haukupata kuenea. Ulitengenezwa kwa majaribio na kuonyeshwa, ukakoma pale historia ilipoukatiza. Lakini hati ya mwaka 1931 ilikuwa imekwisha chapwa na kuwekwa katika ofisi ya Marekani yenyewe, na aliyetaka kusoma angeisoma.

Habari ya nukta ya siri ni mbaya zaidi. Wapelelezi wa Ujerumani walitumia picha za namna hii wakati wa vita, wakizibandika katika barua za kawaida mahali pa nukta. Mwezi wa Aprili 1946 J. Edgar Hoover, mkuu wa idara ya upelelezi ya Marekani, aliandika habari hiyo katika jarida la Reader's Digest, na sifa ya uvumbuzi akampa mtu aliyemwita Profesa Zapp wa Dresden. Jarida lile lilisomwa na mamilioni. Waandishi wa vitabu vya ujasusi wakalinakili jina hilo, mmoja kutoka kwa mwingine, na baadhi yao wakalichanganya na Walter Zapp, mvumbuzi wa kamera ndogo ya Minox huko Latvia, ambaye alikuwa mtu halisi na kazi yake ilikuwa nyingine. Huyo profesa hakupatikana katika orodha yoyote ya walimu. Wakati huohuo yule aliyelionyesha jambo lenyewe Paris mwaka 1925 alikuwa hai, akisaga lenzi Tel Aviv.

Wahariri wa miswada wanaijua ajali ya aina hii. Mnakili mmoja hukosea, wa pili humnakili yeye badala ya asili, na baada ya vizazi vitatu kosa huwa na mashahidi wengi kuliko ukweli. Wingi wa mashahidi hauna thamani ikiwa wote wamezaliwa na mmoja. Aliyefanya kazi ya kurudi kwenye asili ni Michael Buckland, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya Goldberg kilitoka mwaka 2006. Alizitafuta hati za uvumbuzi, barua, na kumbukumbu za jamaa, akaonyesha kwamba Profesa Zapp wa Hoover hakuwa na mwili. Hata hivyo nimekutana na jina hilo katika maandishi yaliyotoka baada ya mwaka huo.

Goldberg mwenyewe hakutumia uzee wake kudai haki. Israel ilimpa tuzo yake ya taifa mwaka 1968, na kutokana na karakana yake kiwanda kikubwa cha vyombo vya lenzi na umeme kilikua nchini humo. Alifariki Tel Aviv tarehe 13 Septemba, 1970, akiwa na umri wa miaka 89. Katika mwaka huohuo, kwa sadfa tu, ilichapwa huko Leiden orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kanda za sauti zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na kwa orodha hiyo wengi wetu tulianza kuijua miswada hiyo kabla ya kuiona kwa macho. Ule utenzi wangu nimeusahihisha. Ubeti wasomeka nena, na pembeni nimetia maelezo kwamba usomaji wa kwanza ulitoka katika filamu.